Buzz, hum au drone: neno lipi kwa mvumo upi?

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mengi: kuvuma. Upepo huvuma, nyuki huvuma, bahari huvuma, ngoma huvuma, masikio huvuma mtu akizidiwa na homa, na jina la mtu likifika mbali husemwa nalo limevuma. Ukiandika Kiswahili huna haja ya kujiuliza sana, kwa sababu kile kinachovuma ndicho kinachomwambia msomaji sauti yenyewe ikoje. Ukigeuka kuandika Kiingereza, mambo hubadilika. Wenye lugha hiyo wameukata mvumo vipande vipande, wakakipa kila kipande jina lake, na mengi ya majina hayo yameundwa kwa kuiga sauti. Matatu ndiyo yanayowasumbua watu zaidi: "buzz", "hum" na "drone".

Nimehariri na kutafsiri kwa miaka mingi, na kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni "buzz" kutumika kila mahali. Sishangai. Ndilo neno tulilofundishwa kwanza, chini ya picha ya nyuki. Lakini mwandishi akisema friji yake ilikuwa ina-"buzz" usiku kucha, msomaji Mwingereza ataona friji mbovu, yenye kitu kilicholegea nyuma. Akisema "hum", ataona friji nzima inayofanya kazi yake na nyumba iliyotulia. Akisema "drone", ataona mtu aliyelala macho wazi, amechoshwa na sauti isiyokoma. Friji ni ileile. Hadithi ni tatu.

Anza na mdomo wako

Kamusi nyingi zitakwambia yote matatu ni sauti ya chini inayoendelea. Ni kweli, lakini haimsaidii anayetaka kuchagua. Fanya jaribio hili badala yake. Tamka z na uivute: zzzz. Utahisi ncha ya ulimi inawashwa. Hewa inabanwa ipite kwenye upenyo mwembamba karibu na meno, huku koo nalo likitetema, kwa hiyo juu ya mvumo kuna mkwaruzo. Sasa funga midomo na utamke m: mmmm. Koo linatetema vilevile, ila hakuna kinachokwaruza. Hewa inapita puani kimyakimya. Ukibana pua kwa vidole wakati wa m, sauti inakatika palepale. Ukibana pua wakati wa z, inaendelea kana kwamba hujafanya kitu.

Tofauti ya "buzz" na "hum" imo humo. Moja linaishia kwenye z, lingine kwenye m, na kila moja lina tabia ya herufi yake. "Buzz" ni mvumo wenye makwaruzo, wa karibu, unaokuingia mpaka kwenye ngozi. "Hum" ni mvumo uliofunikwa, laini, usiojulikana unaanzia wapi.

Kama bado hujashawishika, chukua simu yako uiweke kwenye mtetemo, uilaze juu ya meza tupu ya mbao, kisha ujipigie kwa simu nyingine. Inaruka kidogokidogo, ubao unaitikia, na kijiko ukikiweka jirani kinaanza kucheza. Hiyo ni "buzz" hasa. Ipokee, uikate, ukunje kitambaa mara mbili, uiweke juu yake, upige tena. Mashine iliyo ndani ni ileile na nguvu ni ileile, ila kitambaa kimekula makwaruzo yote na kinachobaki ni "hum". Tangu nilipofanya jaribio hilo sijawahi tena kuyachanganya maneno haya mawili kwenye karatasi.

"Drone" haingii kwenye jaribio hilo kwa urahisi, kwa sababu neno hili linahusu zaidi muda. Irabu yake ni ndefu, inavutika, halafu inafifia kwenye n bila kufika popote. Mvumo wowote wa sauti moja unaodumu mpaka msikilizaji akachoka unaweza kuwa "drone": ndege kubwa iliyo mbali inayokatiza anga, lori linalopanda mlima kwa gia ndogo, sauti ya mhutubiaji asiyepandisha wala kushusha. Hata zumari la Waskoti, lile lenye mfuko wa hewa, lina mabomba maalumu yanayoitwa "drones", na kazi yake ni kushikilia noti moja chini ya wimbo mwanzo hadi mwisho.

Nyuki mmoja, maneno matatu

Mdudu tuliyeanzia kwake shuleni ndiye anayefundisha vizuri kuliko wote, kwa sababu anayabeba maneno yote matatu kihalali.

Nyuki mmoja akipita karibu na sikio lako: "buzz". Nyuki wa asali hupiga mabawa yake mara zipatazo 230 kwa sekunde, na ukiwa karibu unasikia ule ukali wa hewa inayokatwa. Rudi nyuma hatua ishirini, uusikilize mzinga mzima. Maelfu ya mabawa yamechanganyika, ukali umemezwa na umbali, na Mwingereza atasema "the hum of the hive". Hajakosea na hajabadilisha mdudu. Amebadilisha mahali aliposimama. Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize msimulizi wako yuko umbali gani na kitu chenyewe.

Na "drone"? Hilo ni jina la nyuki dume, yule asiye na mwiba wala asiyekusanya chakula, na ni neno la zamani sana katika Kiingereza. Kwa kuwa dume huyo hafanyi kazi za mzingani, jina lake lilikuja pia kumaanisha mtu mvivu anayeishi kwa jasho la wenzake. Naona harufu ya uvivu huo haijawahi kulitoka neno hili kabisa. Mtu akisemwa "he droned on for an hour", hajasifiwa hata kidogo.

Kuna nyuki mwingine, mnene na mwenye manyoya, ambaye Waingereza humwita "bumblebee". Zamani jina lake lilikuwa "humble-bee", na hapo hakuna unyenyekevu wowote, ni "hum" tu iliyorefushwa. Charles Darwin alipochapisha kitabu chake kuhusu chanzo cha spishi mwaka 1859, aliandika "humble-bees". Jina la kisayansi la jenasi yake ni Bombus, kutokana na neno la Kigiriki linalomaanisha mvumo mzito, na mzizi huohuo ndio uliotoa neno la bomu. Masikio ya Wagiriki yaliwaweka nyuki na kishindo kwenye chungu kimoja, kama yetu yanavyoweka nyuki na upepo.

Nyuki huyu mnene anafanya jambo ambalo nyuki wa asali hawezi. Ua la nyanya huificha chavua yake ndani ya vijifuko vyenye matundu madogo nchani. Nyuki analikumbatia ua, anatuliza mabawa, kisha anatetemesha ile misuli ya kurukia kwa nguvu mpaka chavua inamwagika. Ukiwa karibu utasikia sauti inapanda ghafla pale anapolishika ua. Kiingereza kinaita tendo hilo "buzz pollination". Hakuna aliyewahi kufikiria kusema "hum" hapo, na sababu unaihisi mwenyewe: "hum" haitikisi kitu.

Mashine, kwa haraka

Transfoma nzima ina "hum". Chuma chake hujikaza na kulegea mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, kwa hiyo penye umeme wa Hz 50, yaani mizunguko hamsini kwa sekunde, mvumo wake ni wa Hz 100, mzito na usiobadilika. Taa ya mrija iliyoanza kuchoka ina "buzz". Feni na pangaboi hazimo kwenye utatu huu. Neno lake ni "whirr", kwa sababu kuna kitu kinachozunguka na hewa inasikika ikizungushwa. Jenereta ya jirani iliyo karibu ni "rumble". Ukiisikia kwa mbali, saa nzima, ni "drone". Paka aliyeridhika ni "purr" na hakuna mjadala. Mbu ana neno lake pia, "whine", kwa sababu sauti yake ni nyembamba na ya juu, nasi wenyewe tunasema mbu analia. Ukiandika "buzz" kwa mbu hutapigwa, ila msomaji atamwona mbu mkubwa kuliko alivyo.

Mifano miwili ya injini inanirudia kila ninapoeleza jambo hili. Kuanzia tarehe 13 Juni 1944, Ujerumani iliirushia London mabomu ya V-1, vyombo vyenye mabawa visivyo na rubani. Injini yake haikuwaka mfululizo. Ililipuka kidogokidogo, makumi ya mara kwa sekunde, huku vilango vyake vya hewa vikifunguka na kujifunga. Watu waliiita "buzz bomb". Sauti hiyo ilikuwa imekatakatwa na kukwaruza, hivyo "hum" isingewatoka mdomoni. Walijifunza pia kwamba ile sauti ikikoma ghafla ndipo pa kuogopa, maana bomu limeanza kushuka.

Wa pili ni huu. Mwaka 1935 Uingereza ilitengeneza ndege ya kuongozwa kwa redio, ya kufanyia mazoezi ya shabaha, ikaitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Jina "drone" kwa ndege zisizo na rubani kwa kawaida huhusishwa na malkia huyo. Leo kijidroni chenye mapanga manne kikipaa kupiga picha za harusi, Mwingereza atasema "the drone buzzed overhead". Jina ni "drone", sauti ni "buzz". Ukiandika "the drone droned" utakuwa umesema kitu kingine, na pia utakuwa umeudhi sikio.

Pale maneno yanapowahusu watu

Hapa ndipo penye hatari ya kweli, na hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa natafsiri maelezo mafupi ya kumtambulisha mshairi kijana. Kiingereza kilisema kulikuwa na "a buzz about her first collection". Nikaandika, bila kusita, kwamba kulikuwa na uvumi kuhusu diwani yake ya kwanza. Niliona nimepatia: "buzz" ni mvumo, na mvumo wa maneno ni uvumi. Siku mbili baadaye mshairi mwenyewe akanipigia. "Dada, uvumi gani huo? Nani kanisema?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejeruhiwa. Hakuna aliyekuwa amemsema vibaya. Watu walikuwa na hamu ya kukisoma kitabu chake, basi. Neno langu moja lilikuwa limemgeuza mtu anayesubiriwa kwa furaha kuwa mtu anayeshukiwa. Nilimwomba radhi, tukabadilisha, na mpaka leo nikiliona neno hilo mkono wangu unasita.

Neno sahihi lilikuwa gumzo. Diwani yake ilikuwa gumzo kila mahali. Gumzo lina uchangamfu, lina watu wanaopokezana maneno, na halidai kwamba kinachosemwa hakijathibitishwa. Uvumi una shaka ndani yake, ndiyo maana hukaa jirani na tetesi. Kwa "buzz" ya leo, chagua gumzo. Kwa uvumi, Kiingereza kina "rumour", nalo halina nyuki ndani yake.

Hata hivyo kosa langu lilikuwa na mizizi, na jambo hili lilinifariji nilipoligundua. Katika Kiingereza cha zamani "buzz" ilikuwa karibu sana na uvumi wetu. Katika tamthilia ya Hamlet, Shakespeare anamfanya mfalme alalamike kwamba kijana Laertes, aliyefiwa na baba, hakosi "buzzers" wa kumtia sumu masikioni, yaani wachongezi wanaonong'ona. Na Polonius, mshauri wa mfalme, anapokuja na habari kwamba waigizaji wamewasili, Hamlet anamjibu "Buzz, buzz!", kumaanisha habari hiyo imeshazeeka. Kwa hiyo lugha mbili zisizo na undugu zilitembea njia moja kutoka kwenye bawa la mdudu hadi kwenye sikio la jirani. Kisha zikaachana: uvumi ulibaki na giza lake, "buzz" ikapanda jukwaani na kuwashiwa taa.

Mahali fulani bado zinakutana. Kiingereza kina "buzzword", neno ambalo kila mtu analitumia kwa kipindi fulani ili aonekane yumo. Watu huhangaika kulitafsiri, wakati Kiswahili kinalo jibu mkononi: neno linalovuma. Picha ni ileile, na uzito ni uleule.

Matumizi ya mazungumzo ni mengi na yanahitaji tahadhari. "Give me a buzz" ni nipigie simu. "Buzz me in" ni nifungulie mlango kwa kile kitufe cha umeme. "Buzz off" ni ondoka hapa, na haiambiwi mkubwa. Kijana wa Kiingereza akisema "I'm buzzing", amefurahi sana. Akisema "I've got a buzz on", huenda amekunywa kidogo, kwa hiyo usichanganye hayo mawili kwenye barua ya kazi. Buzz Aldrin, aliyekanyaga mwezi mwaka 1969, alipata jina lake bila nyuki yeyote: mdogo kati ya dada zake wawili waliomtangulia kuzaliwa alishindwa kutamka "brother", akatamka "buzzer", likakatwa likabaki hivyo.

"Hum" kwa watu ni neno la heri zaidi. Ofisi iki-"hum", mambo yanakwenda, kila mtu yuko kwenye kazi yake na hakuna kelele. Mtu aki-"hum" wimbo, anauimba midomo ikiwa imefungwa, mara nyingi bila hata kujua kwamba anaimba. Kuna mtego mmoja tu: katika mazungumzo ya Uingereza, kitu kikisemwa "it hums", kinanuka. Viatu ndivyo vinavyosemwa hivyo mara nyingi.

Kwa hiyo chumba kilichojaa watu kinaweza kuwa vyote vitatu, na hapa uchaguzi wako ndio unaoandika tukio. "The room buzzed": kuna msisimko, kuna jambo linasubiriwa, huenda bibi harusi hajaingia. "The room hummed": watu wanaongea kwa utulivu na wamezoeana. "Voices droned in the room": msimulizi anatamani kuondoka. Ukiwa na shaka, usimwangalie msemaji. Mwangalie anayesikia na uulize anajisikiaje.

Mahali pengine ambapo ningeomba watu wawe waangalifu ni kwa daktari. Mgonjwa akisema masikio yanavuma, mkalimani asikimbilie neno moja. Kuna mlio mwembamba kama wa kengele, huo ni "ringing". Kuna mkwaruzo, "buzzing". Kuna mvumo mzito wa chini, "humming". Na ukimsikia mgonjwa akisema sauti inakwenda sambamba na mapigo ya moyo, lifikishe hilo kwanza kabla ya kutafuta neno lolote, maana linaweza kubadilisha vipimo atakavyoandikiwa.

Kurudi nyumbani

Ukitafsiri kutoka Kiingereza, tatizo linageuka. "Buzz" ni kitenzi kamili: inavaa wakati, inavaa nafsi, inakuwa nomino ikitaka. Tanakali zetu, yaani maneno ya kuiga sauti au hali, hazikuumbwa hivyo. Mtu huanguka majini chubwi, huanguka mchangani tifu, hunyamaza jii. Tanakali inasimama nyuma ya kitenzi na haikubali kuvishwa viambishi. Ndiyo maana "nyuki alibazi" inachekesha hata mtoto, na "nyuki alifanya bzz" inasikika kama katuni. Andika kuvuma, kisha lipe kuvuma kazi: nyuki alivuma sikioni mwangu, mzinga ulivuma chini ya mti, ndege ilivuma angani mchana kutwa. Ona jinsi sikioni, chini ya mti na mchana kutwa vilivyofanya kazi ya "buzz", "hum" na "drone" bila kukopa hata herufi.

Na kutoka kwetu kwenda kwao, ipo mivumo ambayo haitaki hata moja kati ya haya matatu. Bahari ikivuma ni "roar". Upepo unaovuma usiku ni "howl". Methali yetu, ngoma ivumayo haidumu, ilinikalia kichwani wiki nzima. "Buzz" ingeigeuza ngoma kuwa mdudu. "Hum" ingeifunika kitambaa. "Drone" ingemfanya msomaji aombe ikome, wakati methali inataka aipende kwanza. Mwishowe niliandika "boom". Ni neno la kuiga sauti kama wenzake, lina kifua cha ngoma, na Mwingereza hulitumia pia kwa biashara iliyochanganya na mji uliofurika pesa. Sauti imo na umaarufu umo, kama vilivyomo katika kuvuma.